Sura ya Tano: Michoro ya Khanga Ina Maana Gani?

Wageni huuliza swali hili, lakini siku hizi vijana wetu wenyewe ndio wanaolirudia zaidi. Binti amerithi khanga za bibi yake. Anazifungua moja moja, anasoma maneno yake, anacheka mengine, anayaelewa yote. Kisha anatazama picha: duara kubwa jeusi katikati, madoa meupe pembeni, na kwenye kona nne umbo lililonona upande mmoja na kujikunja upande wa pili. Hapo anakwama. Duara hili ni jua, ni ngoma, au ni jicho la mtu mwenye husuda?

Ukiwa Mbinga, mkoani Ruvuma, swali hilo linapata uzito wa pekee, kwa sababu nguo zinabadilika kadiri unavyoteremka. Mjini, kwenye maduka ya wakulima wa kahawa, khanga zenye maneno zimejaa. Ukishika barabara ya kilomita 66 hadi Mbamba Bay, ukatokea ufukweni mwa Ziwa Nyasa, unakutana na vitambaa vingine: chitenje kutoka ng'ambo ya ziwa, Malawi, na capulana kutoka kusini, Msumbiji. Vingi kati ya hivyo havina neno hata moja. Picha imeachwa peke yake, na mtazamaji naye ameachwa peke yake.

Kuna watu wenye majibu ya haraka. Watakuambia duara ni umoja, pembetatu ni uzazi, mstari wa mawimbi ni safari ya maisha. Orodha kama hizo zinavutia na zinauza vitabu. Mimi siziamini. Michoro mingi ya khanga haikufichiwa siri ya namna hiyo, na ukitaka kujua kwa nini, anza na jinsi inavyochapwa, jambo ambalo wanaotafsiri alama hulipita bila kulitazama.

Fremu, wavu na rangi

Njia moja ya kuchapa nguo inaitwa uchapaji wa skrini. Umeiona hata kama hujui jina lake: fulana za kampeni, fulana za shule, fulana za jumuiya siku ya kipaimara, nyingi hutengenezwa hivyo. Fundi ana fremu ya mbao au ya chuma iliyowambwa wavu laini sana. Zamani wavu huo ulikuwa wa hariri; leo ni wa nyuzi za kiwandani. Sehemu ambazo hataki zipitishe rangi anaziziba kwa dawa inayokauka na kuwa ngumu. Analaza fremu juu ya kitambaa, anamwaga rangi nzito, anaivuta kwa ubapa wa mpira kutoka upande mmoja hadi mwingine. Rangi inapenya pale tu palipoachwa wazi. Akiinua fremu, picha imekaa.

Kwa kawaida fremu moja huchapa rangi moja. Ukitaka nyekundu, nyeusi na njano unahitaji fremu tatu, na kila moja lazima itue mahali palepale pa mwenzake. Kitambaa kikisogea kidogo tu, rangi hazikutani: unaona upenyo mweupe kati ya jani na shina lake, au jicho la ndege limehamia shavuni. Na kila fremu ina gharama. Kiwanda kinachochapa maelfu ya doti hakitaongeza rangi ya tano bila sababu nzito.

Basi mchoraji anayejua kazi hujipanga mapema. Anaepuka vivuli vinavyofifia polepole, na hachori nywele moja moja. Anapenda maumbo mapana yenye kingo wazi, na rangi chache zinazogombana vizuri. Mstari ule mnene mweusi unaozunguka maua ya khanga, ambao wengi huudhania ni urembo, ni ujanja wa kazi: rangi nzito inapolalia kingo za rangi nyepesi, inafunika makosa yake.

Sasa mpe mchoraji huyo ndege wa kuchora. Atabakiza tumbo la nusu duara, mkia wa pembetatu na nukta ya jicho. Akikaza zaidi, atabakiza nusu duara na pembetatu tu. Picha ikifika hapo inaitwa dhahania, yaani picha ambayo imeacha kuiga kitu kama kilivyo ikabaki na maumbo, mistari na rangi. Ndege ameondoka, na aliyemwondoa ni mtambo na hesabu ya gharama.

Wamatengo, watu wa milima ya Mbinga, hawahitaji kwenda mbali kuona jambo hili. Mashamba ya ngoro kwenye miteremko ya Mbinga yanaonekana, ukisimama mlima wa pili, kama miraba iliyopangwa na mtu mwenye rula. Hakuna aliyekusudia kupamba mlima. Nyasi zilizofyekwa hulazwa kwa mistari inayokatana, udongo unachimbwa katikati na kufunika nyasi, na linabaki shimo lenye upana wa mita moja na nusu hivi linalozuia maji ya mvua yasiburute udongo bondeni. Wamatengo walibanana milimani hasa wakati wa mashambulizi ya Wangoni katika karne ya 19, na mteremko mkali uliotakiwa kulisha watu wengi ndio uliozaa mchoro ule. Ukimuuliza mkulima wa Litembo mraba wake unaashiria nini, atakuambia unaotesha maharage na mahindi.

*Kwa ufupi: umbo rahisi halimaanishi lazima fumbo. Mara nyingi limetokana na kazi iliyolizaa.*

Teknolojia yenyewe ilipita hatua kadhaa. Vitambaa vya mapambo vilichapwa kwa mihuri ya mbao, kisha kwa rola za shaba, na kufikia katikati ya karne ya 20 skrini zikaenea viwandani. Mwaka 1963 kampuni ya Stork ya Uholanzi ilionyesha kule Hannover, Ujerumani, mtambo wa skrini iliyoviringwa kama bomba, inayozunguka bila kusimama huku kitambaa kikipita chini yake. Tanzania nayo ilipata kiwanda chake kikubwa cha nguo mwaka 1968, pale Urafiki kilipofunguliwa Ubungo, Dar es Salaam, kwa msaada wa China. Kabla ya hapo khanga nyingi ziliagizwa kutoka Uholanzi, Uingereza, India na Japani. Bibi wa binti yetu, kama aliolewa miaka ya 1950, kuna uwezekano mkubwa kwamba alivaa nguo iliyochapwa mbali, na mtu ambaye hakuwahi kuiona pwani wala ziwa.

Sista mmoja na karatasi ya mkate

Naomba tuvuke bahari kidogo, maana kuna kisa kinachotufaa, na wasomaji wangu Wakatoliki wa Mbinga watakipokea haraka kuliko wengine.

Los Angeles, Marekani, aliishi sista mmoja aliyeitwa Corita Kent, aliyezaliwa mwaka 1918, akawa mwalimu wa sanaa katika chuo cha shirika lake. Alichagua uchapaji wa skrini kwa sababu ulimwezesha kutoa nakala nyingi kwa bei ndogo. Hakutaka picha zake zikae kwa matajiri peke yao. Mwaka 1962, mwaka uleule ambao Andy Warhol naye alianza kutumia skrini kule New York, Corita alichapa picha yenye madoa makubwa ya nyekundu, njano na buluu. Madoa hayo aliyatoa kwenye karatasi ya kufungia mkate wa dukani uitwao Wonder Bread, unaojulikana na kila mtoto wa Marekani. Picha akaiita "wonderbread", kwa maana ya mkate wa ajabu.

Mkatoliki akilisikia jina hilo, madoa yale hayabaki madoa. Yanakuwa hostia. Mkate wa dukani na mkate wa altare vinakutana kwenye karatasi moja, bila kuchorwa kikombe, mikono ya padri wala msalaba. Askofu mkuu wa Los Angeles wakati huo, Kardinali McIntyre, hakupendezwa na sanaa ya sista huyo, na mwaka 1968 Corita aliondoka shirikani.

Mimi kinachonigusa ni jina. Liondoe jina, funika maandishi, mwonyeshe picha ileile mtu asiyejua habari za karatasi ya mkate. Ataona madoa ya rangi. Labda atasema ni baluni. Picha haikubadilika hata kidogo. Kilichoondoka ni ufunguo.

Khanga nayo inafanya kazi hivyo, na ilianza kufanya hivyo miaka mingi kabla ya sista huyo.

Pindo, mji na jina

Kila khanga kamili ina sehemu tatu. *Pindo* ni mpaka mpana unaozunguka pande zote nne. *Mji* ni uwanja wa katikati, ambako mara nyingi ndiko kuna picha kuu. *Jina* ni maneno yaliyoandikwa chini ya mji. Vipande viwili vinavyofanana, kabla havijakatwa, ni doti.

Maneno hayakuwapo tangu mwanzo. Khanga zilishika kasi pwani na Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, baada ya kaniki na merikani, kitambaa cheupe cha Wamarekani ambacho misafara ya Kilwa ilikisafirisha hadi Ziwa Nyasa kubadilisha na pembe na watu. Mombasa, familia ya Kaderdina Hajee Essak ilianza biashara mwaka 1887, na alama yao ya "Mali ya Abdulla" bado inaonekana kwenye khanga hadi leo. Wao ndio hutajwa mara nyingi kuwa walioanzisha desturi ya kuandika maneno, kwanza kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa herufi hizi tunazosoma sasa.

Sasa fanya jaribio. Chukua mchoro mmoja wa kubuni: nanasi lililorahisishwa, mviringo wenye mistari inayokatana na majani matatu juu. Chini yake andika "Wema hauozi". Nanasi linakuwa zawadi, tunda la kumpelekea mgonjwa au mkwe. Futa maneno hayo, andika "Utamu wangu wakukera nini". Nanasi lilelile sasa linamtazama jirani kwa jicho la pembeni, na miiba yake unaanza kuiona. Mchoraji hakugusa kitu.

Mfanyabiashara alilijua hilo vizuri kuliko mwanafalsafa yeyote. Khanga yake ilitakiwa iuzike Lamu, Tanga, Songea na Liuli. Ilitakiwa mama ampe binti, mume ampe mke, wifi amrushie wifi. Picha inayosema jambo moja kwa sauti kubwa ingewafukuza nusu ya wateja. Picha iliyo wazi, duara, ua, wimbi, ilikubali kuvaa jina lolote. Kwa hiyo nasema bila kusita: uwazi wa michoro ya khanga ni uamuzi wa kibiashara uliogeuka kuwa sanaa nzuri. Sioni aibu yoyote katika hilo.

Korosho ambayo haikuwa korosho

Lile umbo lililojikunja kwenye kona, ambalo khanga nyingi za zamani zinalo, sisi tunaliita korosho. Ukimuuliza mtu wa Tunduru, wilaya ya mkoa huuhuu wa Ruvuma inayoishi kwa korosho, hatakuwa na shaka hata chembe: hilo ni bibo na korosho yake, nani hajui?

Umbo hilo lina umri mkubwa kuliko mikorosho yetu. Lilistawi Uajemi na Kashmir, likafumwa kwenye shali za gharama. Karne ya 19 wafumaji wa mji wa Paisley, Uskochi, waliliiga kwa wingi hata Wazungu wakaliita kwa jina la mji huo. Wapo wanaosema ni mti wa mvinje, wapo wanaosema ni mwali wa moto, na wengine ni kichipukizi cha ua. Mkorosho wenyewe asili yake ni Brazili, na ulifika pwani yetu kwa meli za Wareno. Mchoro wa Asia na mti wa Amerika vilikutana hapa, na akina mama wakaona vinafanana.

Je, wamekosea? Hapana. Mchoraji wa Uholanzi alinakili umbo aliloliona kwenye shali ya Kihindi, bila kujua lilianzaje. Akina mama ndio waliolipa kitu halisi cha kushika, chenye msimu, bei na harufu. Katika nguo hii, korosho ni maana sahihi kabisa.

Nguo isiyosema neno

Twende sasa ufukweni, kwa kitenge na chitenje, ambavyo havina jina la kuwaongoza watu.

Kwanza tofauti moja ya kiufundi inayowasumbua wanunuzi. Kitenge cha wax halisi huchapwa kwa kuzuia rangi kwa nta au utomvu pande zote mbili, ujuzi uliotoka kwenye batiki za Java. Kigeuze: nyuma na mbele vinakaribia kulingana. Kitenge cha kuiga huchapwa upande mmoja kwa rola au skrini, nyuma kimepauka. Muuzaji akikuambia ni wax, geuza kwanza, pesa baadaye.

Kampuni ya Vlisco ya Helmond, Uholanzi, iliyoanza mwaka 1846, imejipatia umaarufu kwa vitambaa hivyo Afrika Magharibi. Kiwandani, michoro mingi ilitoka ikiwa na namba tu. Majina waliyatoa akina mama wafanyabiashara wa masoko ya Ghana na Togo, na jina zuri liliuza kitambaa. Mchoro mmoja maarufu ni duara ndani ya duara ndani ya duara, yote yamejaa nukta. Wapo waliouita santuri, maana unafanana na sahani ya gramafoni. Waghana wakauita Nsu Bura, kisima cha maji: ukitupa jiwe kisimani, maji hufanya hivyo.

Mwonyeshe mchoro huo mvuvi wa Mbamba Bay, mtu ambaye kila jioni anaangalia nyavu zikizama. Sidhani kama atataja santuri.

Ufukwe wa Nyasa unafaa sana kwa mazoezi ya namna hii, kwa sababu nguo zake hazikutoka chanzo kimoja. Mbamba Bay inatazamana na Nkhata Bay, Malawi. Kisiwa cha Likoma ni cha Malawi ingawa kimekaa karibu na nchi kavu ya Msumbiji. Ndoa, samaki, mazishi na biashara havijawahi kusimama mpakani, na vitambaa havikusimama pia. Wifi wawili wanaweza kuvaa mchoro mmoja, kila mmoja akiwa na jina lake la mchoro huo kutoka kwao, na wote wakawa sahihi.

Lakini zipo picha zenye ufunguo

Nisije nikaeleweka kwamba kila picha inaweza kumaanisha chochote. Zipo zilizofungwa kwa makubaliano, na hapo huruhusiwi kubahatisha.

Nembo ya Taifa ndiyo mfano wa wazi. Bibi na bwana wamesimama, miguuni kuna karafuu na pamba, chini yao upo Mlima Kilimanjaro, katikati ngao yenye mwenge, bendera, shoka, jembe na mkuki. Mawimbi yaliyo sehemu ya chini ya ngao yanawakilisha bahari, maziwa na fukwe zetu, kwa hiyo Mnyasa ana sehemu yake pale. Kila kipande kina maelezo rasmi. Nembo ikichapwa kwenye khanga inabaki nembo.

Mwenge nao umefungwa kwa tukio. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda aliusimika kileleni Kilimanjaro, na tangu hapo mwenge wowote kwenye nguo ya Tanganyika au Tanzania unataja Uhuru. Jembe na nyundo kwenye kijani ni CCM, chama kilichozaliwa tarehe 5 Februari 1977. Vitenge vya WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, unavyoviona Mbinga kila sikukuu kubwa, navyo havihitaji tafsiri ya mtaalamu: anayevaa na anayemtazama wanajua.

Utaona kwamba picha hizi zina ufunguo kwa sababu kuna taasisi inayoutunza. Serikali, chama, Kanisa. Korosho na duara havina mtunzaji. Vinatunzwa na kumbukumbu za watu, na kumbukumbu hizo huondoka na wenyewe.

Namna ya kuisoma khanga ya bibi

Binti yetu mwenye sanduku la bibi anaweza kujiuliza hivi, kwa mpangilio huuhuu:

1. Je, kuna alama ya taasisi? Kama ipo, anza hapo, na mara nyingi utamalizia hapohapo.
2. Jina linasema nini, na limeandikwa kwa herufi zipi? Herufi za Kiarabu zinaashiria khanga ya zamani au iliyoiga ya zamani.
3. Rangi ngapi? Rangi mbili au tatu zenye kingo nene zinaonyesha mchoraji aliyebana matumizi. Nyekundu, nyeusi na nyeupe zenye vichoro vidogo vinavyojirudia huenda ni kisutu, khanga ya harusi tangu enzi za pwani, na hapo unaruhusiwa kuuliza habari za ndoa.
4. Nani alimpa nani, na siku gani?

Swali la nne ndilo kubwa, na ndilo pekee ambalo kitambaa hakiwezi kulijibu. Duara jeusi kwenye khanga ya bibi huenda kwa mchoraji lilikuwa njia rahisi ya kujaza mji kwa fremu moja. Kwa bibi huenda lilikuwa khanga ya mauzo ya kwanza ya kahawa, enzi ambazo wakulima wa Umatengo waliuza kupitia ushirika wa Ngoni-Matengo ulioanzishwa mwaka 1936. Majibu yote mawili ni ya kweli, na la pili analo bibi peke yake.

Kwa hiyo, kabla hujazikata khanga hizo kuwa mbeleko au matambara, zitandaze. Piga picha khanga nzima, pindo na jina vionekane. Kisha mwendee bibi, au shangazi kama bibi hayupo, muulize alivyoipata kila khanga na mchoro wake yeye aliuita nini. Andika jibu lake kwa maneno yake mwenyewe, na tarehe uliyomuuliza. Fanya hivyo mwaka huu.